Mistari Aliyoongeza Job

Job Simiyu alikosa mambo mengi. Alikosa digrii, ingawa alipenda kusema "nilipokuwa chuo" kwa sauti ya mtu aliyekaa huko hadi akavikwa joho. Alikosa leseni ya udereva, naye alifanya kazi katika kampuni ya magari. Alikosa ofisi, meza yake ilikuwa kwenye korido, kati ya mashine ya kunakili karatasi na mlango wa choo, na kila aliyetoka chooni alimpungia mkono wenye maji. Alikosa kimo, alikosa subira, alikosa rafiki wa kumwambia nyamaza. Alikosa hata jina kazini, kwa maana Mudir mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alimwita "wewe wa kompyuta". Lakini zaidi ya yote alikosa kitu cha kujisifia, mpaka siku alipokiokota bure kwenye mtandao.

Kitu chenyewe kilikuwa maktaba. Si maktaba ya vitabu, maana Job hakuwa msomaji. Watu wa kompyuta huita maktaba lile fungu la programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambalo mtu hulichukua na kujengea yake juu, kama fundi anayenunua milango iliyo tayari badala ya kwenda msituni kuangusha mti. Maktaba hii ilihusu kompyuta moja kuzungumza na watu wengi kwa wakati mmoja bila kuzidiwa. Waliiandika watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajaonana uso kwa uso, wakaijenga miaka na miaka kwa kuipenda tu, kisha wakaiweka hadharani. Anayetaka aichukue, aibadilishe, hata aiuze. Waliomba kitu kimoja: majina yao, yaliyoandikwa juu ya kila faili, yasifutwe.

Job aliyafuta siku ya kwanza. Akaweka lake.

Mambo haya yalitokea Doha, mwaka 2013, wakati mji mpya wa Lusail ulipokuwa bado mchanga na winchi. Kampuni ya Job ilikodisha magari ya fahari kwa wageni wa hoteli, na madereva wake walikuwa mamia, Wakenya, Waganda, Watanzania, Wanepali na wengineo. Kila gari lilikuwa na kifaa kwenye dashibodi kilichozungumza na kompyuta ya ofisini: niko hapa, nina mgeni, sina mgeni. Mfumo wa zamani ulikuwa umechoka. Job alipoujenga upya juu ya maktaba ile ya watu, magari yakaanza kuonekana kwenye skrini yakitembea kama sisimizi, bila kukwama, na katika kampuni nzima hakuna aliyejua kuwa sehemu iliyofanya kazi si yake, na sehemu iliyokuwa yake haikufanya kazi kubwa.

*

Yeye na mkewe Nafula waliishi mtaa wa Najma, ghorofa ya juu ya villa kuukuu iliyokatwa vyumba kwa mbao. Ng'ambo ya ujia alikaa Shabani, Mtanzania wa Tanga, dereva wa kampuni hiyohiyo. Chini alikaa Peninah, Mkenya wa Kakamega, ambaye kazi yake ilikuwa kumpikia chai Mudir. Jiko lilikuwa la wote, na siku ya mapumziko walikula pamoja. Shabani alileta samaki ambaye Waarabu humwita hamuri, na ambaye yeye alishikilia kumwita chewa mpaka mwenye duka naye akazoea.

"Niwaeleze kwa lugha nyepesi," Job alisema siku moja, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Mfumo wa zamani ulikuwa kama hoteli inayompa kila mgeni mhudumu wake. Mgeni amelala, mhudumu amesimama mlangoni. Mgeni anaoga, mhudumu amesimama. Wageni wakizidi, wahudumu wanajaa ujiani mpaka hapapitiki. Wangu mimi una mhudumu mmoja tu."

"Mmoja kwa wote sisi?" Shabani aliuliza.

"Mmoja. Lakini hasimami kumngoja mtu. Mwenye neno anaita, anasikilizwa, linaandikwa, mhudumu ameshaenda kwa mwingine. Jibu likiwa tayari, anaitwa tena. Hiyo ndiyo akili yenyewe. Nimekaa nayo kichwani muda mrefu."

Nafula alikuwa opareta wa simu katika hoteli moja ya Al Sadd. Aliacha kusonga ugali, akamgeukia.

"Si hiyo ni kazi yangu? Laini zote zinalia, mimi ni mmoja, huyu namwambia shikilia, yule naunganisha jikoni, yule mwingine anataka taulo. Kwani Baba Fiona, umekaa kichwani ukiniandika mimi?"

Shabani alicheka mpaka mwiba ukataka kumpalia. "Shemeji, ungemdai hakimiliki!"

"Wewe ni opareta," Job alisema. "Huu ni usanifu."

"Haya, msanifu, leta sahani."

"Usimchokoze injinia," Shabani alisema, akijipangusa macho. Alimwita injinia bila dhihaka hata kidogo, na Job alimpenda kwa hilo, kama alivyoweza kumpenda mtu.

*

Mfumo ulipokaa sawa, Job aliona kasoro moja: Mudir hakuujua ni wa nani. Mudir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mtu mwenye haraka huona vitu vinavyoharibika tu. Basi Job akaongeza mistari michache ya programu kwa mkono wake mwenyewe. Kila dereva alipowasha kifaa, mfumo ulituma meseji kwenye simu ya Mudir: Mheshimiwa sana, kwa unyenyekevu mkubwa unajulishwa kwamba dereva fulani yuko kazini. Mfumo wa Job Simiyu.

Na kwa kuwa aliogopa heshima hiyo isije ikapotea njiani, aliuamuru mfumo usifanye jambo lingine lolote mpaka kampuni ya simu ijibu kwamba meseji imepokewa. Watu wa nchi zote hizo walitumia akili zao kumtengeneza mhudumu asiyemngoja yeyote. Job akamsimamisha amngoje Mudir.

Mudir alipopita kwenye korido alisema, "Nzuri." Job aliliishi neno hilo kwa wiki kadhaa. Alimsimulia Nafula, akawasimulia Wakenya wenzake kule kwenye makanisa ya Mesaimeer, walikokutana kwa ibada kila Ijumaa, siku ya mapumziko, na katika masimulizi yake neno lilizaa mengine, mpaka Mudir akawa ametoa hotuba.

Siku za kawaida, mistari ile haikumdhuru mtu. Madereva waliingia kazini mmoja mmoja, na kungoja kulikuwa kwa kufumba na kufumbua. Lakini Ijumaa, madereva Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi, walizima vifaa vyao wakaingia msikitini, na sala ilipokwisha wakaviwasha wote kwa pamoja. Na saa hiyohiyo mji mzima huwa unatumiana salamu za Ijumaa njema kwenye simu, mama kwa mwana, jirani kwa jirani, duka kwa mteja, hata meseji za watu zinakaa foleni. Basi meseji ya unyenyekevu ya dereva wa kwanza ilikwenda ikakaa kwenye foleni hiyo, na mhudumu wa Job akasimama palepale, mikono nyuma, akingoja. Nyuma yake madereva wote waliita, na hakuna aliyesikilizwa. Skrini iliganda. Mbele ya mahoteli, wageni wenye suti na masanduku walisimama juani wakiuliza gari liko wapi.

Ijumaa ya kwanza ilisemekana ni mtandao. Ya pili ilisemekana ni joto. Baada ya ya tatu, hoteli moja kubwa ikatishia kuvunja mkataba, na Jumapili asubuhi, siku ambayo wiki ya kazi huanza kule, Mudir akamwita Job ofisini kwake kwa mara ya kwanza. Job aliingia akiwa amevaa tai.

"Wewe wa kompyuta. Ijumaa kuna nini?"

Job alikuwa amekuja na karatasi za kumbukumbu za mfumo. Alikuwa hajazielewa, lakini aliona jina moja likitokea juu kila Ijumaa. Shabani aliswali kwenye msikiti mdogo ulio ubavuni mwa maegesho, na sala ilipokwisha hakubaki kupiga soga. Alikuwa wa kwanza kurudi kwenye gari na wa kwanza kuwasha.

"Ni dereva huyu, bwana mkubwa," Job alisema. Kidole chake kilikuwa kwenye jina. "Kila Ijumaa, akiwasha yeye tu, mfumo unaganda."

"Anafanya nini?"

"Labda anakichezea kifaa."

Hilo "labda" alilisema chini ya pumzi. Mudir alikuwa ameshachukua simu. Ofisi ile haikuwa na mahali pa kuandika labda.

"Khalas," Mudir alisema, yaani yamekwisha, na Job akatoka na tai yake, mwepesi kama mtu aliyetua gunia kwenye kichwa cha mwenzake.

*

Shabani alinyang'anywa ufunguo wa gari siku hiyohiyo. Mandub, mtu wa kampuni anayeshughulikia karatasi za serikalini, aliambiwa aanze kufuta ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini. Na mtu aliyefutiwa namna ile, bila barua ya kampuni kusema haina pingamizi, hakuweza kurudi kufanya kazi Qatar kwa miaka miwili.

Jioni alibisha mlango wa Job. Alikuwa amevaa kanzu safi, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Hodi, injinia. Shemeji, hamjambo humu."

"Karibu, Shabani, karibu ukae," Nafula alisema, akimtolea kiti cha pekee. Job akabaki kitandani.

"Sikai sana. Injinia, naambiwa nimeharibu mashine. Mimi nakiwasha kile kidude, bismillahi, nangoja safari. Sijui nilipokosea. Nimekuja unionyeshe."

"Haya ni mambo ya kitaalamu, Shabani."

"Ndiyo maana sikwenda kwa mwenye duka, nimekuja kwako." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Basi kama hayaelezeki, nisemee wanipe barua nihamie kwingine. Kuna kampuni ya ujenzi kule Lusail wanataka madereva. Nikirudi Tanga hivi, watu watauliza nimeiba nini. Nitawaambia nini? Kwamba niliwasha?"

"Nitaona," Job alisema.

"Utaona?"

"Nitaona cha kufanya. Si jambo la kukurupuka."

Shabani aliinuka, akashukuru. Ndiyo, alishukuru. Aliinamisha kichwa na kumwombea Mungu mtu yule aliyeketi kitandani akizungusha soksi yake mguuni. Nafula alikuwa ameshika birika. Hakummiminia mumewe chai.

*

Job hakuamini hata siku moja kwamba Shabani ndiye aliyeharibu mfumo. Aliamini tu kwamba alihitajika mtu. Sasa likamjia wazo lililomnyima hamu ya kula: Ijumaa inakuja, Shabani hayupo kazini, mfumo utaganda vilevile, na hapo atamnyooshea nani kidole?

Basi akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Wale walioandika maktaba walikuwa na uwanja wao wa barua pepe, ambapo yeyote aliyekwama huuliza na kujibiwa bila kutozwa kitu. Job akajiandikisha kwa jina la Mike, akaeleza shida yake, akabandika programu yake waione. Asubuhi akakuta jibu la mtu asiyemjua, wa nchi ambayo Job angeitafuta kwenye ramani kwa kubahatisha.

Jibu lilikuwa la upole. Katika maktaba hii, mtu yule aliandika, hakuna anayeruhusiwa kusimama na kungoja, maana akisimama mmoja wamesimama wote. Katika mistari yako kuna anayengoja jibu la meseji. Ni hii hapa. Mpe meseji mtu wa pembeni aipeleke, wewe endelea na kazi. Kisha, chini kabisa: Naona pia majina yetu yametoka juu ya faili. Huenda ni bahati mbaya tu. Tafadhali yarudishe.

Job alihisi masikio yakipata moto. Halafu, kama ilivyo kawaida ya watu wa aina yake, aibu ikageuka hasira, akamwona mtu yule kuwa mpenda makuu anayegombania vijina. Alirekebisha mistari kama alivyofundishwa. Majina hakuyarudisha.

Ijumaa madereva walitoka msikitini, wakawasha wote kwa pamoja, na magari yakatambaa kwenye skrini kama kawaida. Mudir akapiga simu mwenyewe.

"Umeona? Dereva ametoka, mfumo uko mzima. Jumapili nipe taarifa yako kwa maandishi, iingie kwenye faili lake, mandub amalize." Na kwa kuwa alikuwa na furaha, akaagiza Job apelekewe boksi la tende.

*

Job alipanda ngazi na boksi lake mkononi. Mtu mwerevu angenyamaza. Lakini Job alikuwa amegundua jambo, na kugundua bila kusimulia kulimuuma kama jino.

"Nimelipata," alimwambia Nafula.

"Nini?"

"Lile tatizo la Ijumaa. Wengine wangetafuta mwaka mzima. Mimi nimelikamata kwa siku chache." Akaketi, akafungua tende, akaeleza. Alieleza vizuri kweli: meseji, foleni ya salamu, mhudumu aliyesimama. Alifika hata kucheka. Nafula alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Aliiacha pasi palepale ilipokuwa.

"Ngoja kwanza. Hiyo meseji ya Mudir iliwekwa na nani?"

"Mimi. Ni nyongeza ya mfumo."

"Na Shabani?"

"Shabani amefanya nini?"

"Ndiyo nakuuliza. Umesimulia kutoka mwanzo mpaka mwisho na Shabani sijamsikia. Yuko wapi humo ndani?"

Job alitafuna tende. "Yeye alikuwa wa kwanza kuwasha tu."

"Kwa hiyo mtu anafukuzwa kwa kuwahi kazini."

"Si mimi ninayemfukuza, ni Mudir."

"Nani alitaja jina?"

"Nilisema labda! Nilisema labda anakichezea, na labda si lazima."

"Ati labda." Nafula alimtazama kama anayetazama kitu kilichogandamana na kiatu. "Ulipougua homa, nani alikupeleka hospitali na akalala kwenye benchi? Labda? Hizi samaki tunazokula humu kila wiki, analeta Labda?"

"Sasa unataka niseme ni mimi? Sawa. Kesho kutwa mandub anakuja kwangu, tunarudi Bungoma. Mama atalipiwa dawa na nani? Fiona atasoma wapi? Sema, Mama Fiona, si wewe ndiye hakimu?"

Katika maneno yote aliyosema mwaka huo, hayo ndiyo yaliyokuwa ya kweli. Mtoto wao alikuwa kwa bibi yake, ada ilitoka hapo Najma. Nafula akarudi kwenye pasi. Akakuta imechoma ukosi.

*

Jioni walikwenda Mesaimeer kwenye ibada. Baada ya sala ya mwisho watu hawakutawanyika. Walisimama kwenye maegesho kwa mafungu, wanaume huku, wanawake kule na chupa za chai. Miongoni mwa wanaume alikuwamo Onyango, aliyesimamia kompyuta katika benki moja, mtu mnene, mchangamfu, asiye na huruma.

"Job! Ati kuna dereva ameangusha ile seva yako?"

"Hayo ni mambo ya ndani ya kampuni."

"Mambo ya ndani gani, na mji mzima unayajua? Ameiangusha na nini, nyundo?"

"Kwa kuwasha kifaa," mwingine akadakia.

"Kwa kuwasha!" Onyango alishika kiuno. "Mazee, hiyo ni seva ama ni kibanda cha mabati? Sisi benki wateja wanaingia kwa maelfu, wawashe, wazime, wazimie, seva iko tu. Wewe mtu mmoja kutoka Tanga anabonyeza kidude, Doha yote inatembea kwa miguu! Si ungemwajiri huyo jamaa jeshini?"

Wanaume walicheka kwa kuinama, mikono magotini. Job alisema si hivyo ilivyokuwa.

"Ilikuwaje basi?"

Job alifungua kinywa. Akakifunga. Kwenye fungu la wanawake, Nafula alikuwa amekiona kinywa hicho kikifunguka na kufungwa, na aliona zaidi ya hapo: jasho juu ya mdomo, shingo iliyovimba, macho ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hakumwona hivyo alipomtajia Shabani. Akanywa chai yake taratibu.

*

Jumamosi Job aliandika taarifa. Aliiandika kwa Kiingereza kizito, akavaa miwani ambayo daktari hakumwandikia. Nafula aliichukua mezani, akaisoma kwa sauti, akitafsiri kadiri alivyosoma.

"'Mfumo wangu uliangushwa na dereva Shabani alipowasha kifaa chake.' Vizuri. Inakwenda wapi hii?"

"Kwenye faili."

"Na faili linakaa muda gani?"

"Daima. Ni kumbukumbu ya kampuni."

"Kwa hiyo hata sisi tukishazeeka, mtu akifungua kabati pale, atakuta: Job Simiyu alijenga mfumo, dereva akauangusha kwa kidole. Na amekiri mwenyewe, na sahihi ameweka." Aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Na yule binamu wa Onyango, si anafanya kazi hapo kwenye ofisi ya wafanyakazi? Onyango ataomba nakala. Ataisoma Mesaimeer kabla ya matangazo."

"Hauwezi kuangushwa na dereva!" Job alisimama. "Hata waje madereva wa Ghuba yote! Maktaba hii inabeba makampuni makubwa dunia nzima, imejengwa na watu wanaojulikana, watu ambao..."

"Watu? Si uliandika wewe?"

"Niliiunganisha," Job alisema haraka. "Kuunganisha ni kazi kubwa."

"Sawa. Mimi nasoma tu kilichoandikwa. Hapa umeandika imeangushwa."

"Kwa sababu Mudir ndivyo anavyotaka!"

"Basi mpe. Onyango naye atafurahi."

Job alikaa. Akaishika kalamu, akaiweka, akaishika. Nafula aliona mtu akizungukazunguka ndani ya kichwa chake akitafuta mlango. Kama maktaba haina kosa, kosa ni la mistari. Na mistari ina mwenyewe. Kama mistari haina kosa, basi seva ni kibanda cha mabati, na yeye ndiye fundi wa kibanda. Hakuna mahali ambapo Shabani angeweza kuwa na hatia na Job akabaki mkubwa.

Mtu mwingine angekumbuka benchi la hospitali. Angekumbuka kanzu safi. Job hakukumbuka chochote kati ya hivyo, wala isidhaniwe kwamba dhamiri ilimwamkia. Aliogopa kufukuzwa, lakini aliogopa zaidi kuchekwa, na hofu kubwa ikaimeza ndogo. Akaichana karatasi ya kwanza, akaandika upya. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mfumo hauwezi kuangushwa na dereva yeyote. Kwamba uliganda kwa sababu ya mistari iliyoongezwa na aliyesaini hapa chini, kwa ajili ya kumheshimu Mudir. Kwamba dereva Shabani hana kosa lolote, na alitajwa kimakosa. Sentensi ya mwisho Job aliiandika huku Nafula akiwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja begani mwake, na mkono huo haukuwa wa mapenzi.

Ukurasa wa pili ulieleza jinsi Job Simiyu alivyoligundua kosa hilo peke yake, kwa ustadi, katika muda mfupi sana. Ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Nafula aliuacha.

*

Jumapili, basi la wafanyakazi lilipiga honi mapema nje ya villa. Job alikuwa bado anaisoma taarifa yake, kalamu mkononi, fulana ya kulalia mwilini.

"Hapa nimeandika 'kimakosa'. Ningesema 'kwa bahati isiyo nzuri'. Ina uzito."

Nafula aliichomoa karatasi chini ya kalamu, ikabaki na mkwaruzo wa wino pembeni. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha ya hoteli yake, akaulamba ukingo na kuubana juu ya meza kwa ngumi.

"Mama Fiona, ngoja, ni neno moja tu!"

Alikuwa ameshafika ngazini. Uani, Shabani alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, akizikunja vizuri kwa ajili ya sanduku. Aliwasalimu, akamwita Job injinia, akamuuliza ameamkaje. Job akajibu salama, akiwa peku, akitazama bahasha.

Peninah alikuwa mlangoni mwa basi na mkoba wake na mfuko wa iliki ya chai ya Mudir. "Nimpe nani?" aliuliza, akiipokea bahasha.

"Mkononi mwa Mudir," Nafula alisema. "Si mandub, si mtu wa mapokezi. Ukimpa chai, mpe na hii. Ngoja mpaka aifungue."

Peninah aliisukuma bahasha katikati ya mfuko wa iliki isije ikakunjika, akapanda. Dereva akafunga mlango. Job alitoka mpaka barabarani kwa fulana yake, akagonga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Peninah! Mwambie aanze na ukurasa wa pili! Wa pili, umesikia?"

Peninah alimpungia mkono nyuma ya kioo, kama watu wanavyompungia mtu wanayemwona midomo tu, na basi likakata kona likielekea ofisini.